Ndimu na Jua la Saa Tano

Mdogo wangu,

Uso wa mwanangu ulipotea Jumamosi ya mwisho ya mwezi uliopita, saa tano asubuhi, nyuma ya nyumba yako, juu ya kigoda chako. Kazi yake ikapotea Jumatano iliyofuata. Nimelitanguliza hilo mbele ya salamu ili usije ukasoma salamu zangu ukadhani nimekusamehe.

Sasa salamu. Hujambo? Shemeji hajambo? Mgongo wake umepona, au bado anautumia kukwepa kubeba maji? Sisi huku wazima, kwa kadiri ya tuliobaki wazima. Saluni inakwenda. Viti vyote vinne hujaa tangu asubuhi, na mashine moja ya kukaushia nywele imeanza kukoroma kama mzee aliyelala chali, lakini inakausha. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu wewe hulia kabla sijamaliza kusema, na ukishalia, mwenye makosa huwa mimi. Karatasi haitishwi na machozi. Ukiililia italowa tu, na maneno utayakuta palepale.

Unakumbuka ulivyokuja kwangu. Haikuwa saluni wakati ule. Kilikuwa kiti kimoja cha plastiki, beseni, na kioo kilichopasuka pembeni. Uliosha vichwa vya watu kwa miaka mitatu, na kila unachokijua leo ulikiokota miguuni pangu. Kwamba kucha husuguliwa upande mmoja tu, ukienda na kurudi zinachanika. Kwamba visigino hupakwa mafuta mazito wakati wa kulala, vikavishwa soksi, asubuhi vikaamka kama vya mtoto. Sukari kijiko kimoja kwa mafuta vijiko viwili, tena sukari laini, maana uso si sufuria. Kwamba kola iliyonyooshwa vizuri humpendezesha mtu kuliko poda. Na kwamba kitu chochote kipya hujaribiwa kwanza nyuma ya sikio, mtu akaenda kulala nacho, kesho yake ndipo kikapanda usoni. Yote hayo ukayabeba, ukayapeleka kwenye simu yako, ukayaita siri zako za urembo wa nyumbani. Nikakuachia. Watu waliponiambia mdogo wangu ana wafuasi wengi kuliko mapovu ya sabuni, niliwajibu kwamba ni heri, hiyo ni damu yangu. Mtu aliyewahi kumtengeneza mteja nyusi moja akaisahau ya pili, leo anafundisha watu nyusi. Mungu ana njia zake.

Kisha ikaja habari ya duka la miwani. Pale kuta zote ni vioo, na kila anayeingia amekuja kutazama uso, wake na wa yule anayemhudumia. Wasichana walioitwa kwenye mahojiano walikuwa wengi, mwisho wakabaki wawili, wangu na wako. Tulicheka mimi na wewe, tukasema yeyote atakayepata, kazi imekuja nyumbani. Alipopata wangu, ulishangilia kunishinda mimi niliyemzaa. Ukasema nimwache aje kwako Jumamosi umng'arishe, aingie kazini Jumatatu kila kioo kimfurahie. Mimi siku ile nilikuwa na bibi harusi na wapambe wake sita. Kinyozi hajinyoi, na mwanawe naye hanyolewi. Nikakushukuru sana. Zile shukrani nazidai.

Alirudi jioni uso ukimwasha. Jumapili ukavimba malengelenge. Jumatatu alfajiri alikuwa na michirizi myeusi tangu kwenye paji hadi kidevuni, kila mahali maji ya ndimu yalipotiririka, kama mtu aliyelia wino. Nilimpaka vipodozi mwenyewe, kwa mikono hii iliyoficha makovu ya nusu ya wanawake wa mtaa huu, lakini lengelenge halifichiki, linasukuma poda kama chungu anayechimba. Meneja alimtazama, akamwambia kwa upole arudi nyumbani mpaka apone. Jumatano wakampigia simu kwamba nafasi imejazwa. Hawakusema imejazwa na nani.

Hilo nililisikia kwa mwanao. Alikuja saluni mbio, akanikumbatia, furaha na aibu vikigombana usoni mwake, akaniambia wamemwita yeye, ila wewe ulimkataza asiniambie kwanza. Msichana yule hana kosa. Hawezi kumtazama dada yake bila kutokwa machozi. Nakuandikia hivi ujue kwamba najua hana kosa.

Wewe ulifika kesho yake na mfuko wa machungwa. Ulisema hukujua. Ulisema ndimu ni kitu cha asili, kimetoka mtini, nani angekidhania. Ukasema pia kwamba huenda mtoto amerithi ngozi dhaifu ya baba yake, na hata hilo nikalimeza, kwa sababu nilimwona mwanangu amekushika mkono akikubembeleza, yeye mwenye malengelenge akimfariji mwenye machungwa. Ulipoondoka aliniambia, "Mama, usimkasirikie mama mdogo. Hakujua." Kisha akaenda kukifunika kioo cha chumbani kwa taulo. Mpaka leo kimefunikwa. Daktari wa ngozi anasema weusi ule utaondoka wenyewe, labda baada ya miezi, labda zaidi, ila duka la miwani halina miezi.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na mteja, mwalimu wa chekechea, mama mmoja mcheshi. Amekaa chini ya ile mashine inayokoroma, na kwa sababu ya kelele zake akaongeza sauti ya simu. Nikasikia sauti yako. Nikamwomba nitazame. Ulikuwa umevaa gauni la njano, lile uliloliunguza na pasi miezi mitano iliyopita ukanililia nikakushonea jingine, kwa hiyo usiniambie video hiyo uliitengeneza juzi baada ya kupata funzo. Umeshika ndimu, unatabasamu na meno yote, unasema, "Usiku tu, wapenzi wangu. Asubuhi osheni mara mbili kabla jua halijawaona. Ndimu na jua vikikutana usoni, mtanitafuta."

Mwalimu akasema huyu dada ana huruma, anawaonya watu asiowajua kama ndugu zake wa damu. Nikamwambia ndiyo, ana huruma sana kwa watu asiowajua. Nikamalizia nywele zake. Yeye mwenyewe aliusifu mkono wangu.

Jioni nilimuuliza mwanangu, kama mtu anayeuliza habari za mvua, siku ile kwa mama mdogo alikaa wapi. Akanisimulia bila kinyongo. Ulimpaka ndimu yenyewe, bila sukari, bila mafuta. Ukamkalisha kwenye kigoda nyuma ya nyumba, ukamletea chai, ukamwambia atulie mpaka imkaukie. Kivuli cha ukuta kilipomfikia, ukatoka, ukamwinua, ukakisogeza kigoda juani. Ukarudi ndani. Kivuli kilipomfuata tena, ukatoka tena, ukakisogeza tena. Alinisimulia kama wema. Alisema mama mdogo hakutaka apigwe na ubaridi.

Unanijua mimi na hesabu. Mtu akisahau, husahau mara moja, tena kwa haraka, chungu kikiungua jikoni. Hasahau akiwa amesimama anatazama kivuli kinakotembea. Hata hivyo, kwa ajili ya mama yetu aliyetulaza kitanda kimoja, nimekuachia nafasi moja katika mia. Labda ulikuwa unawaza mambo mengine. Labda mikono yako ilikisogeza kigoda bila ya kichwa chako. Umewahi kufanya mengi bila ya kichwa.

Sasa nikwambie la mwisho, maana barua ya ndugu haifai kufungwa bila la kweli ndani yake. Mwanao ameomba nafasi kwenye kiti changu Ijumaa hii saa sita mchana, wakati wa mapumziko yake. Wiki ijayo wanapigwa picha za vitambulisho kazini na anataka apendeze. Hataki kusukwa tu. Anaamini yaliyompata dada yake ni ngozi dhaifu, kama ulivyomwambia, kwa hiyo ameomba nimsugue uso kwa ndimu, kama anavyoona mama yake akifundisha, na aliponiuliza kama kuna ubaya kufanya mchana, nilimwambia nitaangalia. Akacheka, akasema, "Mama mkubwa, mimi mikono yako ndiyo naiamini." Kutoka kwangu hadi dukani kwao ni mwendo wa robo saa, barabara haina mti hata mmoja, na jua la saa saba unalijua.

Ndimu nimeshanunua. Zimo kwenye bakuli, pembeni ya kioo. Nyuma ya sikio sijamjaribu, kwa kuwa wangu nawe hukumjaribu.

Sijaamua. Namtazama yule mtoto akicheka, naiona pua ya mama yetu, mkono wangu unalegea. Kisha narudi nyumbani, naliona taulo juu ya kioo, mkono unakaza. Ndivyo ninavyoishi, asubuhi mama mkubwa mwema, jioni wewe.

Usihangaike kumzuia asije. Ukimzuia, atakuuliza sababu, na itabidi umweleze amepataje kazi yake. Na kutokuja kwake nako nitakusoma kama jibu.

Nisalimie shemeji, mwambie maji hayabebwi kwa mgongo, hubebwa kwa mikono. Nisalimie jirani yako mshonaji na wote wanaoniulizia. Mwanangu anakusalimu sana. Ameniagiza niandike hivyo, na ameniagiza niongeze kwamba machungwa yalikuwa matamu.

Barua hii anakuletea mwanao mwenyewe. Nimeifunga kwa gundi ya kope, kwa hiyo kama imechanika ujue ameisoma, nami sitakuwa na la kumficha. Sitaki simu. Sitaki uje. Sitaki kukuona ukilia mlangoni pangu mbele ya wateja. Nataka neno moja, kwa mwandiko wako, mpe yeye aje nalo mkononi: ulisahau, au ulikusudia?

Lifike Ijumaa, kabla ya saa sita.

Ni mimi dada yako, niliyekufundisha kushika uso wa mtu.