Mlango wa Chumbani

Shoga uko wapi? Majibu ya dada yametoka. Si saratani.

Subiri, usinitumie vigelegele kwanza.

Unajua dada alivyokuwa tangu waone ule uvimbe kwenye picha ya titi. Kawarudishia wateja vitambaa vyao, cherehani kasema nibaki nayo mimi. Leo tumeingia kwa daktari, dada kanishika mkono mpaka pete imenikata. Shemeji kakaa upande wa pili, mpole kama si yeye.

Daktari kasema kile kipande walichokitoa kwa sindano ni mafuta tu. Eti titi likigongwa sana, mafuta ya ndani yanakufa na kuwa donge gumu, na kwenye picha huwezi kuyatofautisha na saratani. Hapo nikashusha pumzi.

Halafu akamgeukia dada: "Uligongwa na nini?"

Dada akainama. Shoga, anaangalia viatu vyake tu.

Aliyejibu ni shemeji. "Alijigonga mlangoni. Mlango wa chumbani."

Mlango wa chumbani. Kasema hivyo mbele yangu, wala hakupepesa macho.

Daktari akamtazama dada. Dada akaitikia kwa kichwa. "Ndiyo, mlango."

Na mimi nikaliacha lipite.

Shoga, chumbani kwao hakuna mlango. Kuna pazia. Tulilishona mimi na dada, na wewe ndiye uliyetushikia ngazi tukilitundika.