Raha Mliyonitunzia

Kaka yangu,

Pokea salamu zangu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi, na kwamba watoto wanaendelea vizuri na masomo. Mimi mwili hauna neno, ila viganja vimepasuka kwa chumvi na kamba, kwa hiyo unisamehe mwandiko. Nakuandikia kutoka nyumba ya wageni karibu na bandari, kwenye kitanda ambacho kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi hakiyumbi. Shemeji yako hayupo hapa. Nitafika huko.

Tulipoongea mara ya mwisho uliniambia niendelee kula raha visiwani, nisiwaze ya nyumbani. Basi leo nataka uijue hiyo raha, maana nahisi wewe na wenzako mnaiona kama zile picha za kalenda.

Mashua yetu ni fupi kuliko sebule ya Baba. Kupika ni kujibana kati ya jiko na ngazi, mguu mmoja umeegemea mlango ili sufuria isikurukie. Hakuna nguo kavu. Ukikunja shuka safi ukaliweka kabatini, ukija kulitoa limeota kuvu. Kuoga ni maji ya bahari, halafu kikombe kimoja cha maji yasiyo na chumvi cha kujisuuzia, na hicho kikombe unakiangalia kama dawa. Choo ni cha pampu, na pampu ina hasira zake. Kikiziba, shemeji yako, aliyejipa cheo cha nahodha, ana kazi ya kutazama upepo. Mimi ndiye ninayepiga magoti.

Sitakudanganya, visiwa vyenyewe ni vizuri. Kuna mahali maji ni maangavu mpaka unaiona nanga imelala mchangani chini kabisa. Lakini unafika mahali pazuri kama hapo, wenye akili wanaogelea, nyinyi mmefungua injini mnatafuta inapovuja mafuta. Na usiku hulali kwa raha. Upepo ukigeuka kidogo tu unaamka kuangalia kama nanga imeshika.

Kuna siku dhoruba ilitupasulia tanga kubwa, tukiwa mbali na nchi kavu. Nilitapika mpaka sikuwa na kitu cha kutapika, kisha nikakaa chini nikalishona. Nilitumia ule mshono Baba aliotufundisha utotoni alipokuwa akishona makochi, uzi mara mbili na sindano iliyopinda. Likashika. Nahodha mwenyewe alinivulia kofia. Mimi nilichowaza ni kimoja tu, kwamba nikifika nitamsimulia mzee, naye atanicheka aniulize kama niliacha pindo.

Simu yangu iliingia maji ya chumvi mapema, ikafa, tukabaki na ya shemeji yako. Tulipofika kisiwa chenye kilima, alipanda peke yake kutafuta mtandao ili apate habari za hali ya hewa. Alirudi macho mekundu, akasema ni jua. Akasema pia kwamba upepo mzuri umekuja na tukiuacha tutakwama hapo msimu mzima. Tukang'oa nanga siku hiyo hiyo.

Bandari iliyofuata ilikuwa na mashua nyingi za watu kama sisi. Kaka, watu wale walinipenda! Mmoja aliniletea mkate wa moto, mwingine papai. Bwana mmoja mkorofi, aliyekuwa akigombana na kila mtu kuhusu nafasi ya kutia nanga, alikuja kunirekebishia pampu ya choo bila kuombwa. Nilimwambia mume wangu kwamba watu wa baharini wana utu kuliko majirani zetu wote. Akajifanya anafunga kamba.

Jirani yetu mmoja ni mkunga mstaafu. Asubuhi moja tulikuwa tunafua pamoja kwenye bomba la gatini. Alinishika bega akasema, "Pole sana kwa baba yako, mwanangu. Mume wako alituomba tusikugusie hilo jambo, lakini nimeshindwa kukaa kimya."

Nilimuuliza baba yupi. Kaka, nilimuuliza mama wa watu baba yupi.

Shemeji yako hakukana. Alisema alizipata habari pale kilimani. Alisema mlishauriana kwenye simu mkaona ni heri nisiambiwe, kwa kuwa nisingewahi mazishi, na msiniharibie safari niliyoingoja maisha yote. Nikamuuliza, kama ningeshuka pale kisiwani nikapanda ndege, nani angemsaidia kushika usukani? Hapo ndipo alipolia. Alihitaji mikono, Kaka. Mimi nilikuwa mikono.

Lakini yeye ni mume, nimemkuta ukubwani. Wewe tumelala kitanda kimoja. Nilipokupigia kutoka bandari hiyo hiyo, kabla sijajua lolote, nikaomba niongee na Baba, ulisema, "Mzee amepumzika." Nami nikakujibu usimwamshe. Ukaniacha niseme vile. Ukaniambia niendelee kula raha, ukakata simu.

Nimejaribu kukuonea huruma, labda uliogopa kilio changu. Bado sijaweza. Ninachojiuliza ni hiki: waombolezaji walipouliza binti yake yuko wapi, uliwajibu nini? Ulisema nimepewa habari nikakataa kuja? Maana kuna shangazi zetu watakaoamini hivyo mpaka wanakufa, na wewe ndiye utakayekwenda kwa mmoja mmoja kuwaeleza ukweli. Hilo silitaki kwa simu. Uende kwa miguu yako.

Mashua nimemwachia mwenyewe. Nimeshuka na mkoba mmoja na nguo zenye kuvu, na meli ya abiria inaondoka keshokutwa. Usije kunipokea. Mtume mwanao mkubwa anipeleke kaburini, kwa sababu sijui hata liko upande gani. Wewe nitakuja kukuona nikiweza.

Msalimie wifi, kama naye alijua, usimsalimie. Watoto waambie shangazi yao anarudi na anawapenda, wao hawana kosa.

Ni mimi,
Binti wa marehemu.