Mamba Asiyeonyesha Meno

Ilala, Dar es Salaam
Jumatatu asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Nimesikia mbaazi zimestawi mwaka huu, nikafurahi. Sisi huku ni wazima wa mwili. Ningependa kusema na moyo pia, lakini nitakuwa nakudanganya. Barua hii anakuletea Candida, jirani yangu anayekuja Masasi kumwona dada yake. Simu nimeiogopa, maana tunaishi chumba kimoja na Nurdin anasikia kila neno.

Uliniambia mdogo wangu Shaibu amechoka kukaa bure, na unataka aje kwa shemeji yake Nurdin wachimbe mchanga pamoja mtoni Msimbazi. Tafadhali mama, nisome mpaka mwisho kabla hujamkatia tiketi.

Kazi yangu unaijua. Pale kibandani kwa Mzee Bushiri tunachora wanyama wa kuwauzia watalii, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwaona. Tunaigana tu. Simba wa Mzee Bushiri wote wana sura ya shemeji yake. Mamba wangu walikuwa wa kijani, wanacheka, meno meupe kama kwenye tangazo la dawa ya mswaki. Wewe ulipomwona mmoja ulisema mamba wa mto Ruvuma, ulikokulia, hawaonyeshi meno, wanaonyesha macho tu.

Ulisema kweli. Masika ilipotulia nilimpelekea Nurdin chakula mtoni. Yeye na wenzake walikuwa majini hadi kiunoni wakizoa mchanga. Nikaona gogo karibu na ukingo. Gogo likafumba jicho, likafumbua. Kisha likazama bila hata kutikisa maji, kuelekea waliko. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Walitoka mbio, wakasubiri, hawakuona kitu, wakanicheka. Nurdin aliniambia kwamba anayechora mamba kutwa lazima siku moja awaone, na kwamba nimemwaibisha mbele ya wenzake.

Hasira zikanipanda. Nikachora nilichokiona: maji ya tope, macho mawili, pua, basi. Mzee Bushiri alisema picha yenye giza vile hakuna atakayeinunua. Nikaitundika chumbani, mkabala na mkeka tunapokula. Kila asubuhi Nurdin aliigeuza itazame ukuta, ndipo aende kazini. Kila jioni niliigeuza tena. Tuliishi hivyo. Mchana kutwa nilikuwa na brashi mkononi na sikio mtaani; nikisikia watu wanakimbia, naiacha brashi natoka nje kutazama.

Alhamisi nilikuwa nachorea nyumbani, akarudi mchana, hana koleo. Akaigeuza picha mwenyewe, akaitazama sana, kisha akasema, “Juu ya pua ana kovu. Hukulichora.”

Nilichukua brashi, akanionyesha kwa kidole lilipo. Alikuwa karibu kiasi cha kuliona kovu, mama.

Nilimsihi aache. Akasema kazi nyingine haipo, na wenzake wakijua watakimbia, na lori la kununua mchanga halitakuja kwa ajili ya mchimbaji mmoja. Akaniapisha nisimwambie mtu, wewe hasa, kwa sababu anamtaka Shaibu. Wakiwa wawili, mmoja atachimba na mwingine atayatazama maji. Nami niliapa. Leo nimekivunja kiapo hicho. Shaibu asije, mama. Hata akilia, asije.

Nikishamkabidhi Candida barua hii naishusha picha, naenda nayo mtoni niwaonyeshe wale wengine lile kovu, niwaambie ni nani aliyenionyesha lilipo. Nurdin ataniona. Sijui jioni kama nitakuwa bado mke wake, lakini heri anichukie akiwa nchi kavu.

Msalimie Shaibu, umwambie asinikasirikie. Wasalimie majirani wote wanaoniulizia. Na Nurdin mwombee sana. Leo alfajiri ametoka tena, na kwa mara ya kwanza hakuigeuza picha itazame ukuta.

Mwanao akupendaye,
Zulekha