Mwendo Uliokuua, Masanja

Mpanda, 1995

Masanja, mdogo wangu,

Tumeanua matanga yako. Mayu, mama yetu, amenyoa nywele. Lori bado limelala kichwa chini mtoni, na tumbaku ya watu imeoza. Ulikuwa ukinicheka kwamba mwalimu akistaafu hubaki na chaki masikioni. Basi sikiliza somo, maana safari hii huwezi kutoroka darasani.

Siku ya matanga wajomba walisimama wakapiga hesabu niliyokufundisha mwenyewe: umbali gawanya kwa muda. Kutoka Inyonga hadi mtoni ni karibu kilomita mia, nawe ulitumia saa tano. Yaani ishirini kwa saa. "Huo ni mwendo wa baiskeli yenye mzigo," wakasema. "Lori halipinduki hivyo bila mkono wa mtu." Watu wote wakamgeukia Bibi Kabula, jirani yetu, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni. Vijana walikuwa wameshanoa mapanga.

Nikasimama. Nikaeleza taratibu kwamba ule ni wastani tu, na wastani humeza hata muda ambao gari limezimwa. Saa tatu kati ya hizo ulikuwa umekaa kwa wauza wanzuki, unakunywa hiyo pombe yao ya asali. Utingo wako, aliyenusurika, alikuwa na saa mkononi, na mlikuwa kwenye mchezo wenu wa kupima muda kati ya mawe ya kilomita. Kilomita ya mwisho ilikwisha kwa sekunde arobaini na tano. Hiyo ni themanini kwa saa, kwenye mteremko wa changarawe, mzigo umejaa hadi juu. Mtu hafi kwa wastani, Masanja. Anafia mahali pamoja, kwa mwendo alionao hapo.

Vijana wakaondoka mmoja mmoja. Mayu akaniambia, "Mwanangu alikufa mara moja. Wewe umemuua tena, mbele za watu." Tangu hapo hali chakula changu. Bibi Kabula huja kuchota maji kisimani kwangu. Hasemi asante, wala siingoji.

Nilikubeba mgongoni ulipokuwa na surua. Bado nikisikia honi upande wa stesheni nainuka kukufungulia, halafu nakumbuka.

Lala, mdogo wangu. Sitakusafisha. Nakuahidi: kila atakayeuliza kilichokuua, nitamwambia ni mguu wako wa kulia. Nitasema hata Mayu akiwepo.

Kaka yako