Nyimbo Zako Zimepigwa Bila Wewe

Mwanangu Mwanaidi, nakusalimu sana. Msalimie baba yako, bibi mpe shikamoo yangu, dada yako Hadija na mapacha wake wabusu.

Hapa Mlingotini jana mchana, harusini, wamepiga kwa kinanda kitupu nyimbo ulizotunga wewe, hakuna mwimbaji. Watu wanamsifu mpigaji: "Huyu fundi!" Wivu ukanishika, sahani ya pilau nikaisukuma kando. Kufika kwenye ubeti unaponitaja mama yako, kinanda kikapita kama sipo. Nikasimama nikapaza sauti, "Mama Mwanaidi!" Shangazi wa bwana harusi akacheka: "Kumbe ndiye wewe? Haya, tuimbie!" Nikaimba mpaka sauti imekauka.

Na kinanda cha yule mpigaji kitamu, ndicho kinachoniuma. Nijibu upesi, mwanangu: yule ulimruhusu, au nimfuate nikamuulize?

Mama yako