Kamera Iliyoangalia Mlango Wangu

Katoro, Jumapili

Shemeji Stanslaus, Baba Paskalia,

Mwangaluka, na shikamoo. Mguu wa Mama Paskalia umepona? Paskalia bado anakohoa? Huku sisi wazima. Violeth na Davis wanakwenda shule. Mimi ni mgongo tu, sababu ya kubeba viroba vya mawe pale kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, lakini kazini naenda. Usicheke mwandiko, unajua niliishia darasa la nne. Kwenye simu unakata kabla sijamaliza, ndiyo maana naandika.

Umeuliza kwa nini kamera imehamishwa. Ukasema tena kwamba mwanaume akionekana kwa mjane wa mdogo wako, unakuja kuwachukua watoto uwapeleke kwako Shinyanga. Hilo la watoto nitalifikia. Naanza na kamera.

Ulipomtuma fundi Akida aje kuifunga, kwanza aliizunguka nyumba yote. Alisema umefanya vizuri kuchagua ya sola na laini ya simu, maana umeme wa huku unakatika hovyo, na yenye waya mwizi anaikata tu. Akasema ikae chini ya upenu mvua isiipige. Juu, mkono wa mtu usifike, lakini isizidi, itaona kofia sura isiione. Na isitazame jua linakotokea, asubuhi itakuwa haioni kitu. Mahali alipopachagua ni kona ya jiko. Pale unaona geti, unaona zizi la mbuzi, unaona na kule nyuma ambako minyaa ya uzio imekufa ikaacha uwazi.

Wewe ukasema kwenye simu hapana, iangalie mlango wa Mama Violeth. Akida akakuuliza kama mbuzi wanalala chumbani kwangu. Ukamwambia afunge anapoambiwa. Akafunga. Aliposhuka kwenye ngazi aliona haya kunitazama usoni. Na mimi nilinyamaza. Nilishaelewa kinacholindwa si mbuzi.

Basi ukawa unaniona nikitoka, nikirudi, nikikaa kuchambua mchicha. Na kwa kile kispika chake ukawa unanisemesha. Mama Violeth mbona umechelewa. Mama Violeth huyo nani. Huyo nani alikuwa katekista, amekuja kuuliza habari za ubatizo wa Davis. Mzee wa watu aliruka, akadhani ukuta umesema. Wenzangu kwenye karasha wananitania kwamba nimeolewa na ukuta.

Halafu mbuzi wakaibiwa. Mchana, mimi kazini, watoto shuleni. Walipitishwa kwenye ule uwazi wa minyaa. Wezi waliacha dume tu kwa sababu anapiga watu pembe. Wewe ulitazama picha za siku nzima, ukaona nini? Mlango umefungwa. Kuku anapita. Badala ya kukumbuka maneno ya Akida, ukasema mwizi ni mwanaume wangu na njia nimemwonyesha mimi. Wale mbuzi walikuwa wa watoto wa mdogo wako, shemeji. Ningewaiba niwapeleke wapi?

Nilimwita Akida akaihamishia kona ya jiko. Sikukuomba ruhusa. Uwazi nimeuziba kwa miiba.

Sasa hilo la mwanaume. Yupo.

Si mwizi. Hajawahi kuingia hapa kwa kificho, na wewe umemwona karibu kila siku. Ni Eliya, muuza maji, yule wa baiskeli na madumu ya njano. Anamimina maji kwenye pipa mlangoni kwangu, anakuamkia kwenye kamera, na wewe unamwitikia marahaba. Mwezi uliopita ulimwita kwa kispika ukamwomba awe anakuangalizia kama kuna mwanaume anaingia hapa. Akavua kofia akakujibu, "Sawa kaka, nikimwona nitakuambia."

Mimi nilikuwa ndani, nimeziba mdomo kwa kanga nisicheke. Yeye hakucheka. Alipofunga madumu yake alisema hapendi mchezo huo, alitaka arudi akuambie palepale, umwone sura. Mimi nilimzuia. Niliogopa kwa ajili ya watoto.

Bado naogopa, lakini nimechoka kunyamaza. Nilinyamaza siku ya kamera na mbuzi wakaenda.

Eliya hatalala kwenye nyumba ya mdogo wako. Ana vyumba viwili nyuma ya soko, nitahamia huko. Nyumba hii na dume ni vya Violeth na Davis. Wao ni wa ukoo wenu, sikatai, ng'ombe wa mahari walitoka kwenu. Lakini mimi ndiye nimewalea tangu baba yao afariki, na kwa viroba. Nataka niende nao. Waje kwako likizo, na shule wasome hapa. Ukitaka kuwachukua njoo mwenyewe, uwaambie wao ukiwa umewatazama.

Eliya anataka kuja na baba yake mdogo kujitambulisha kwako. Nimemwambia asubiri barua ifike.

Msalimie Mama Paskalia, mwambie dawa ya mguu asiache. Watoto wanakuamkia.

Ukishasoma washa simu utazame kamera. Kesho yake asubuhi Eliya atapita getini na maji kama kawaida. Atavua kofia. Safari hii unajua unamwitikia nani.

Ni mimi shemeji yako,
Lusia, Mama Violeth