Mama mkwe ameomba sahani ya pili

Jumapili. Mvua tangu asubuhi, Kolwezi yote matope mekundu, na mimi nanuka moshi kama samaki mkavu. Nimefurahi.

Mama mkwe wangu yuko kwetu tangu malaria ilipomwangusha. Homa ilishaondoka, lakini hamu ya kula ilikataa kurudi. Uji, hapana. Bukari, ugali wetu, na samaki, hapana. Amebaki mifupa na yale macho yake makali. Leo asubuhi mke wangu Mado alisimama jikoni akifuta machozi.

"Mi nimechoka kubembeleza. Leo asipokula, kesho tunamurudisha ku lopitali."

Niliogopa.

Shida ni kwamba katika ukoo wetu mwanamume na mama mkwe wake hawali mahali pamoja, hawatazamani usoni, hata salamu hupitia kwa mtu mwingine. Sembuse kumpikia! Lakini mpishi wa nyumba hii ni mimi. Mado akikaanga yai, mtaa mzima unakohoa.

Nikawasha mbabula, jiko letu la makaa, nyuma ya nyumba, chini ya kipande cha bati, makaa machache tu. Nyama ya ng'ombe yenye mfupa, kitunguu, maji kidogo. Ilipoanza kulainika nikatia boga na embe bichi, maana ulimi uliotoka kwenye malaria hupenda uchachu. Mwisho masuku, yale matunda ya porini yanayouzwa barabarani msimu huu. Nikakamua utamu, mbegu nikatupa. Nikafunika. Nikafunua. Nikafunika tena, sina subira. Hatimaye nyama ikaachia mfupa yenyewe.

Mado akaingiza sahani chumbani. Mimi nikajibanza nje ya dirisha, mtu mzima na kitambi changu, nikijizuia kukohoa.

Nikategea sikio.

Kisha kijiko kikagonga sahani. Kikagonga tena.

"Nani alipika?"

"Jirani, mama," Mado akadanganya.

"Umwambie ule jirani, chumvi iko kidogo. Na atoke ku mvua, atapata homa naye. Kama kungali ingine, alete."

Mado alicheka mpaka akalia upya. Mimi nililaumu moshi.

Sasa mama ameketi barazani na sahani yake ya pili, mara ya kwanza tangu augue, kwa hiyo siwezi kupita. Nimekula changu nyuma ya nyumba, juu ya gunia la makaa, na ndipo ninapoandikia haya. Akizidi kupata nguvu hivi, mimi nitakuwa nakula wapi?